Kache Chome, Aliyehesabu Ndege wa Fungu Jeupe

Jambo la kwanza ambalo wapwa na wajukuu wa marehemu waliliona kwake, kabla hata hawajajua kazi yake ni nini, ni kwamba alikuwa akikatiza salamu. Mtoto anasema, "Shikamoo, shangazi," naye anaanza kugeuka amwitikie, kisha anainua kidole, anatazama upande wa minazi na kinywa kinabaki wazi kidogo. Salamu inaning'inia hapo. Baada ya muda anarudi na kusema, "Ndege chozi huyo. Marahaba, mwanangu, mama hajambo?" na mazungumzo yanaendelea pale pale yalipoachwa. Huku kwetu mtu hakatizi salamu, na wapo waliomwona ana kiburi. Waliomzoea walingoja tu, kwa sababu hakuna mtu hata mmoja ambaye Bi. Kache hakummalizia salamu yake.

Marehemu Kache Chome Tembo alizaliwa tarehe 14 Agosti 1968 katika kijiji cha Ndavaya, Kinango. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa marehemu Mzee Chome Tembo na marehemu Mama Mbeyu. Wazazi wake walifuga ng'ombe na mbuzi, wakalima mahindi na mtama pale mvua iliporuhusu. Ndege aliwajua kwanza kama maadui. Akiwa na miaka sita alikalishwa juu ya kichanja shambani, na kombeo mkononi na debe la kupiga, awafukuze kwerea wasimalize mtama. Mdogo wake, Bi. Nusra, anakumbuka siku baba yao alipofika shambani akakuta debe liko kimya na kwerea wamejaa kwenye masuke.

"Kache, umelala?"

"Sikulala, baba. Nilikuwa nawahesabu kwanza."

Mzee Chome alimwambia kwamba akishamaliza kuwahesabu kwerea, ahesabu na masuke yaliyobaki, maana hicho ndicho chakula chake cha jioni.

Ndavaya ndiko alikojifunza pia kulinda mayai. Mzee Chome alipookota mayai ya kanga porini aliyaweka chini ya kuku ayaatamie, na kazi ya Kache ilikuwa kukizungushia kiota matawi yenye majani, ili kuku akitoka kwenda kula jua la Kinango lisiyapike mayai. Kazi hiyo aliijua vizuri mno. Hata miaka ya ukame, boma la Mzee Chome lilikuwa na vifaranga vya kanga.

Alianza shule ya msingi mwaka 1976 hapo hapo kijijini, na alifanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1982. Alifaulu na kujiunga na shule ya sekondari ya wasichana huko Matuga, ambako alilipenda somo la Baiolojia kuliko mengine yote. Mwaka 1984 ukame uliimaliza mifugo ya baba yake. Mwezi wa Novemba mwaka huo, akiwa kidato cha pili, alirudi Ndavaya na sanduku lake la mabati, na masomo yakaishia hapo. Hakulalamika mbele za watu. Lakini kila mpwa wake aliyefika chuo kikuu aliambiwa maneno yale yale: kwamba amemsomea shangazi yake ile miaka miwili iliyobaki, basi amweleze walisoma nini.

Mwezi wa Machi mwaka 1987 alishuka Ukunda kutafuta kazi, akaajiriwa kutandika vitanda na kusafisha vyumba katika hoteli moja ya ufuo wa Diani. Hapo ndipo alipokutana na mtunza bustani aliyeitwa Charo Karisa. Mzee Charo anasimulia kwamba maneno ya kwanza aliyoambiwa na mkewe yalikuwa ya kugombezwa. Alikuwa akikata ua wa maua kwa mkasi mkubwa, akasikia sauti ya mwanamke nyuma yake.

"Bwana wa bustani, hapo umekata nyumba ya mtu."

"Nyumba ya nani?"

"Angalia miguuni pako."

Miguuni pake kilikuwa kiota cha chozi, kidogo kama ngumi ya mtoto. Charo anasema alikifunga tena kwenye tawi kwa uzi, na kwa wiki nzima alipita pale kila asubuhi, kidogo kwa ajili ya ndege na zaidi kwa ajili ya msichana aliyekuwa akija kukagua. Walifunga ndoa Jumamosi ya tarehe 8 Desemba 1990 katika kanisa la Anglikana, Ukunda. Mungu aliwajalia watoto watatu: Karisa, Kahaso na Dama. Hoteli ilipofunga milango mwaka 1998 walihamia hapa Kikoneni, wakapanda mikorosho na migomba, na hapa ndipo walipolea watoto wao.

Mwezi wa Machi mwaka 2007 marehemu aliajiriwa kuwa mpishi katika Hifadhi ya Jamii ya Mwanyiro, kusini mwa Msambweni. Alipikia wanafunzi na wageni waliokuja kuangalia ndege wa mikokoni. Mwenyekiti wa hifadhi, Bi. Twaiba, aligundua baada ya miezi kadhaa kwamba wanafunzi walikuwa wakibishana nje juu ya ndege waliyemsikia, na jibu lilikuwa likitoka jikoni. Mwaka 2009 alimtoa kwenye sufuria, akampa darubini na daftari la hesabu. Bi. Kache akawa mwanamke wa kwanza kuhesabu ndege Mwanyiro.

Wageni wa Ulaya waliofika mwezi wa Juni waliuita msimu ule mwanzo wa kiangazi. Kwetu ni mwisho wa masika. Upepo wa kusi umeshika, bahari imechafuka, na ndege wa ufuoni, sululu na vitwitwi wengi waliokaa nasi tangu Septemba wameshakwenda kuzaa kaskazini. Watu wengi hudhani hakuna cha kuangalia. Bi. Kache alisema huo ndio msimu wake, kwa sababu wanaobaki ni wenyeji, na wachache wanaofika wanakuja kutaga.

Hapa wasifu huu unafika mwaka 2013. Ingekuwa rahisi kuupita. Lakini akiwa hospitalini, marehemu alimwambia binti yake Kahaso, "Mkiandika habari zangu, msiuruke mwaka wa kumi na tatu." Kwa hiyo haurukwi.

Mwezi wa Juni mwaka huo, kwa mara ya kwanza tangu hifadhi ianzishwe, buabua walitaga Mwanyiro. Hawa ni ndege weupe wa bahari, wenye utosi mweusi na mkia uliochanika kama uma. Walichagua Fungu Jeupe, kisiwa cha mchanga mtupu kilicho mbele ya mikoko, ambacho mtu anaweza kukifikia kwa miguu siku za bamvua, maji yanapokupwa sana. Marehemu alihesabu viota sitini na viwili. Viota vyenyewe vilikuwa vishimo tu mchangani, havina jani wala unyasi. Masika yalikuwa yamekatika mapema na jua lilikuwa kali. Kutoka ufuoni, kwa darubini, aliwaona wazazi wamesimama juu ya mayai, midomo wazi, wakihema.

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 21 Juni, alibeba mafungu ya makuti yaliyosalia jiko lilipoezekwa, akavuka peke yake hadi kwenye fungu, akayajengea mayai vivuli. Alifanya kama alivyofanya Ndavaya, tena kwa uangalifu, kila kivuli kimechomekwa vijiti vinne visianguke. Alirudi ufuoni akiwa ametosheka.

Kumbe buabua hahitaji kivuli. Kivuli ni yeye mwenyewe. Mayai yake yana rangi ya mchanga, na juu ya mchanga mtupu kunguru hupita bila kuyaona. Makuti yale yalionekana toka mbali. Kunguru wakaja kuyatazama, wakatua juu yake, wakakuta chini kuna chakula. Jumatatu marehemu alipovuka na nahodha wa boti ya hifadhi, Bwana Seifu, hapakuwa na yai hata moja. Buabua walikuwa wameondoka wote.

Bwana Seifu anasema Bi. Kache alikusanya makuti yote, moja moja, akayapakia botini.

"Dada Kache," Seifu alimwambia, "hawa si kuku."

"Nimejua sasa."

"Basi andika kunguru. Ni kweli, kunguru ndio waliokula. Hujadanganya mtu."

Daftari la mwaka ule lipo bado ofisini Mwanyiro. Kwa mwandiko wake wa duara marehemu aliandika hivi: "Viota 62. Mayai yote yameliwa na kunguru. Kunguru waliletwa na makuti. Makuti niliyaweka mimi. K. Chome."

Alilipeleka daftari kwa Bi. Twaiba mwenyewe, pamoja na darubini, akijua kwamba huenda asirudishiwe. Bi. Twaiba alisoma. Kisha akamsukumia darubini upande wake wa meza, akamwuliza, "Na mwakani utafanya nini ili warudi?"

Swali hilo ndilo alilolibeba miaka yote iliyobaki ya maisha yake. Jamaa na jirani wengi walimwambia asahau, ni ndege tu. Hakubishana nao. Alikuwa akisema kwamba wale walikuwa wameiamini Mwanyiro mara moja, na yeye ndiye aliyewaambia kwa vitendo kwamba walikosea.

Alianza na kunguru, na kunguru walikuwa wakilishwa na matumbo ya samaki yaliyotupwa kwenye diko, pale wavuvi wanapoteremsha samaki na mama karanga, wauzaji wa samaki wa kukaanga, wanapowanunua na kuwapasua. Alikwenda diko kila wiki. Kiongozi wa mama karanga, Bi. Mwanatumu, alimpokea kwa utani ambao Wadigo wa pwani na Waduruma wa Kinango wamezoeana.

"Nyie, mfunikeni samaki, Kache amekuja na kunguru wake."

"Hawa wenu, Mwanatumu. Wangu niliwaacha Kinango, hawana nguvu ya kuruka mpaka huku."

"Huko kwenu samaki mnamwona kwenye picha. Leo utatufundisha kutupa matumbo?"

"Sikufundishi kutupa. Nakuomba ufukie."

"Na jembe nashika mimi?"

"Jembe nimekuja nalo."

Kweli alikuwa nalo. Alichimba shimo la kwanza mwenyewe, na la pili, na la kumi. Ilimchukua miaka miwili hadi siku alipofika diko akakuta Bi. Mwanatumu amejishika kiuno, anamkemea mama mmoja kwa kutupa matumbo nje ya shimo. Bi. Kache alirudi nyumbani siku hiyo akiimba.

Mzee Charo naye hakuachwa nje. Mkewe alikuwa amesoma kwamba buabua hupenda kutaga pale wanapoona wenzao wametulia. Mwaka 2018 mzee alichonga ndege ishirini na wanne kwa mbao za mkilifi, akawapaka rangi nyeupe na utosi mweusi, wakapangwa juu ya fungu. Kikoneni nzima ilicheka. Mzee Charo alipoulizwa habari za nyumbani alijibu, "Wengine wana ng'ombe, mimi nina mifugo ya mbao, wala hawanywi maji."

Kila mwaka, kuanzia 2014, marehemu aliandika hesabu ya Juni. Juni 2014: hakuna. Juni 2015: hakuna. Aliandika neno hilo miaka kumi mfululizo, na kila mwaka aliliandika kamili, kwa wino, na kutia sahihi. Tarehe 9 Juni 2024 buabua wawili walitua katikati ya wale wa mbao. Walikaa tangu asubuhi hadi alasiri. Mmoja aliparuza mchanga kwa kifua. Bi. Kache alikaa ufuoni bila kula wala kubadili mkao, Seifu akidhani amelala na macho wazi. Jioni ndege wale waliruka, wakaelekea kusini. Katika daftari aliandika: "Wawili. Hawakutaga." Nyumbani alimwambia mumewe, "Walikuja kuangalia nyumba. Mwakani watakuja na familia."

Marehemu aliishi na kisukari tangu mwaka 2016. Tarehe 11 Februari mwaka huu, akiwa anafanya usafi kwenye fungu kabla ya msimu, alikatwa na jiwe la matumbawe kwenye unyayo. Hakusikia maumivu, kwa sababu miguu yake ilikuwa imekwisha kufa ganzi, na kwa siku sita alitembea na kidonda bila kukijua. Alilazwa katika hospitali ya rufaa ya Msambweni tarehe 3 Machi. Wauguzi walimwuguza kwa upendo, na familia inawashukuru kwa dhati. Tarehe 14 Aprili ilibidi mguu wake wa kushoto ukatwe chini ya goti. Alipoamka aliuliza kama mtu anaweza kukaa botini kwa mguu mmoja. Daktari alimjibu kwamba kukaa hakuhitaji mguu. Akasema, "Basi sijapoteza kitu," na baadaye, daktari alipokwisha kutoka, akamshika Kahaso mkono, akalia kwa muda mrefu.

Mwezi wa Mei alizidi kudhoofika. Aliacha kula, akaacha kuuliza habari za shamba. Alichoendelea kuuliza ni upepo umegeuka lini, na kama kusi imeshika. Watoto wake walimfungulia dirisha ili ajisikilizie mwenyewe.

Jumamosi ya tarehe 17 Mei Bwana Seifu alifika hospitalini akiwa bado na nguo za baharini. Mzee Charo na Kahaso walikuwepo, na mazungumzo haya wameyasimulia wote wawili kwa namna moja.

"Dada Kache, wametua."

Marehemu alifumbua macho. "Ulishuka kwenye fungu?"

"Sikushuka. Nimetazama kwa darubini toka botini, mbali."

"Wangapi?"

"Arobaini na watatu. Wa mbao nimewatoa kwenye hesabu."

Akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, kikavu, na familia haikukisikia tena.

"Wamechimba?"

"Sijui, dada. Kwa pale nilipokuwa sikuweza kuona."

"Usiende kujua. Mtu yeyote asiende. Mwambie Twaiba wasikaribiwe hadi katikati ya Juni. Wakishatulia, ndio mhesabu."

"Na wewe utakuwepo."

Marehemu alimtazama Kahaso, akasema, "Darubini iko kabatini. Kioo cha kulia hakishiki, kizungushe polepole."

Marehemu alifariki dunia Jumatatu, tarehe 19 Mei 2025, saa moja na dakika ishirini asubuhi, sumu ya kidonda ikiwa imeenea katika damu. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita. Mumewe alikuwa amemshika mkono. Dirisha lilikuwa wazi.

Ni vigumu kusema ni nani anayeumia zaidi. Mzee Charo amepoteza mwenzake wa miaka thelathini na minne. Hifadhi imepoteza masikio yake. Lakini kinachowauma watu wa nyumba hii kwa namna ya peke yake ni zile wiki nne zilizokuwa zimebaki hadi hesabu ya Juni. Kwa miaka kumi na miwili mama huyu alikuwa akisubiri kusamehewa na ndege, nao walipofika alikuwa kitandani, na hakujaliwa kujua kama wamekuja kukaa au kupita.

Marehemu ameacha mume, Mzee Charo Karisa, watoto, Karisa, Kahaso na Dama, mkwe, Bi. Hasina, wajukuu wanne, ndugu watano, wakiwemo Mzee Tembo Chome wa Ndavaya na Bi. Nusra wa Msambweni pamoja na watoto wake, Hafswa na Muzammil. Na wapwa, majirani, mama karanga wa diko na wafanyakazi wenzake wa Mwanyiro, ambao leo wamesimama pamoja nasi hapa. Tunamwomba Mungu ampokee Kache wake, ampumzishe miguu yote miwili, na ampe utulivu ambao hakujipa mwenyewe.

Bi. Twaiba ametangaza kwamba agizo la marehemu litafuatwa. Bendera nyekundu zimewekwa pembeni mwa mikoko, na tangu tarehe 17 hakuna boti wala mtu aliyekaribia Fungu Jeupe. Buabua bado wapo. Wanaonekana toka ufuoni wakipanda na kushuka, lakini walichonacho mchangani hakuna anayekijua. Hesabu itafanyika Jumamosi ya tarehe 14 Juni. Bwana Seifu atawasha injini saa kumi na mbili asubuhi, na atakayehesabu ni Kahaso, ambaye ameombwa kuishika kazi ya mama yake na amekubali. Mzee Charo atakwenda nao, ingawa hapendi bahari. Kuanzia leo zimebaki siku ishirini na moja.